Chawa na shampuu za mimea: kweli au si kweli?

Mtoto mwenye chawa anahitaji mambo matatu: mtu wa kumkagua kwa makini, dawa inayokaa kichwani muda wa kutosha, na kurudiwa tiba baada ya siku 7 hadi 9. Dawa hiyo inaweza kutoka kwenye mmea, na wakati mwingine mmea umeishinda kemikali ya kiwandani. Lakini jani lililochorwa kwenye chupa halimponyi mtoto. Mzazi asiyejua dawa inavyofanya kazi anaweza kutumia fedha ya sabuni ya mwezi mzima na chawa wakabaki palepale. Anaweza pia kumtia mtoto hatarini kwa nia njema kabisa.

Ndiyo sababu tumekusanya hapa maneno yanayosikika majumbani, saluni na sokoni, kuanzia Bugoye chini ya milima ya Rwenzori hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe, wilayani Kasese, Uganda, tukaliweka kila moja kwenye mizani.

Kwanza tumjue mdudu mwenyewe. Chawa wa kichwani ana urefu wa milimita 2 hadi 3. Hana mabawa na hawezi kuruka, hutambaa tu. Hunyonya damu mara kadhaa kwa siku, na akianguka kutoka kichwani hufa ndani ya siku moja au mbili. Jike huishi karibu mwezi mmoja na kila siku hutaga mayai kama 6 hadi 8, akiyagandisha kwenye unywele karibu kabisa na ngozi, penye joto. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na kinda huhitaji siku nyingine 9 hadi 12 kukomaa na kuanza kutaga. Hesabu hii tutairudia, maana ndiyo inayoamua tiba ifaulu au ishindwe.

1. “Mtoto akikuna kichwa, ana chawa.”

SI KWELI. Shule nyingi za Uganda huwataka wanafunzi wanyoe nywele fupi, wavulana kwa wasichana, na kichwa kilichonyolewa hadi karibu na ngozi hakimpi chawa pa kushika wala pa kutagia. Mtoto wa aina hiyo akikuna kichwa, mara nyingi tatizo ni mashilingi, yale ambayo wengine huita mapunye: mabaka ya mviringo yenye magamba ya kijivu na nywele zilizokatika. Hayo husababishwa na kuvu, wala hayahusiani na mdudu yeyote. Shampuu ya chawa, iwe ya mimea au ya kiwandani, haiyaponyi, kwa sababu kuvu hujificha ndani ya mzizi wa unywele. Dawa yake ni vidonge vinavyomezwa kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Kinachotumika sana ni griseofulvini. Mba nayo huwasha, na vivyo hivyo mafuta au dawa ya nywele iliyoikera ngozi.

Ushahidi wa chawa ni mmoja tu: kumwona chawa aliye hai. Mkalishe mtoto juani, lowesha nywele, pitisha chanuo lenye meno yaliyobanana kutoka kwenye ngozi hadi ncha, kisha lipanguse kwenye kitambaa cheupe. Anzia nyuma ya masikio na kisogoni, maana huko ndiko wanakopenda kujificha. Ukiona punje nyeupe, isukume kwa ukucha. Mba huteleza au hudondoka. Yai la chawa limegandishwa na halisogei. Yai lililo zaidi ya sentimita moja kutoka kwenye ngozi kwa kawaida ni ganda tupu la zamani, nalo peke yake si sababu ya kununua dawa.

2. “Chawa hawashiki nywele za Mwafrika.”

SI KWELI. Maneno haya yana chanzo chake. Nchini Marekani, uchunguzi wa shule ulionyesha zamani kwamba watoto weusi hupata chawa kwa nadra mno kuliko watoto weupe. Maelezo yanayotolewa ni kwamba makucha ya chawa wa huko yamezoea unywele wa mviringo, wakati unywele uliosokotana una umbo bapa. Lakini chawa wa Afrika wameishi na nywele za Kiafrika tangu zamani, na makucha yao yanazishika vizuri. Tafiti za shuleni nchini Ethiopia zimekuta chawa kwa watoto wengi.

Huku kwetu kinachowapunguza ni wembe na mashine ya kunyolea. Kwa hiyo wa kuangaliwa zaidi ni wale wenye nywele: watoto wadogo ambao hawajaanza shule, wasichana waliomaliza masomo na wakaanza kusuka, na akina mama wenyewe. Msuko uliokaa wiki nyingi bila kufumuliwa huwaficha chawa wasionekane.

3. “Chawa huja kwa sababu ya uchafu.”

SI KWELI kwa chawa wa kichwani. Anachotafuta ni damu na joto, na vyote viwili vimo katika kichwa kilichooshwa asubuhi sawa na kilichokosa maji wiki nzima. Huhama pale vichwa vinapogusana: watoto wanaolala kitanda kimoja, wanaocheza wameinamiana, dada anayemsuka mdogo wake akiwa amemlaza mapajani. Chanuo na kofia zinazoazimwa huchangia, ingawa kwa kiasi kidogo.

Maji na sabuni ya kawaida havimuui. Chawa akizamishwa hufunga matundu yake ya kupumulia na kustahimili kwa saa nyingi. Ndiyo maana mtoto anaweza kuogelea mto Mubuku mchana kutwa na kurudi nyumbani na chawa wake wote. Mama anayeambiwa kuwa mwanawe ana chawa kwa sababu yeye ni mchafu ameonewa, na aibu hiyo ina madhara: humfanya afiche tatizo badala ya kuwaambia majirani wakague watoto wao siku hiyohiyo.

4. “Chawa wa kichwani huleta homa na magonjwa.”

KWA SEHEMU KUBWA, SI KWELI. Chawa wa kichwani huleta mwasho, usingizi mbaya na vidonda vya kukuna vinavyoweza kuota usaha. Anayeogopwa kwa haki ni ndugu yake, chawa wa nguo, anayeishi kwenye mishono ya mavazi na kutaga humo. Huyo ndiye mwenezaji wa homa ya tifasi ya mlipuko, homa ya mahandaki na homa inayojirudia.

Mfano wa kutisha uko jirani. Mwaka 1995, wakati wa vita vya Burundi, tifasi ilizuka katika gereza la Ngozi. Baadaye ikaenea kwenye kambi za watu waliohamishwa makwao katika nyanda za juu zenye baridi, na kufikia mwaka 1997 wagonjwa walikadiriwa kupita 45,000. Kilichosaidia kuizima ni antibayotiki ya doksisaiklini.

Kasese tunajua maana ya kuhama. Watu walikimbia makazi yao kwa vita vya waasi wa ADF kuanzia mwaka 1996, na wengine walihama tena mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020, wakaishia kwenye kambi kama ya Muhokya. Mahali ambapo watu wengi wamebaki na nguo moja ya kuvaa usiku na mchana, kagua mishono, chemsha nguo au zipige pasi ya moto. Shampuu haina kazi hapo, kwa sababu mdudu hayuko kwenye nywele.

Kwa nini tusiseme “si kweli kabisa”? Kwa sababu huko Rethy, Ituri, mashariki mwa Kongo, penye ugonjwa wa tauni, watafiti walikuta alama za bakteria wa tauni ndani ya chawa, wakiwemo wa kichwani. Kumkuta bakteria ndani ya mdudu si ushahidi kwamba mdudu huyo anamwambukiza mtu. Ni sababu ya kuendelea kuchunguza, na haitoshi kumtia hofu mama wa Bugoye aliyemkuta mwanawe na chawa wawili.

5. “Mimea haiwezi kuua chawa, inayoua ni kemikali tu.”

SI KWELI, na ushahidi mkubwa umeota hapa Afrika Mashariki. Pareto, ua jeupe lenye kitovu cha njano, lililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1940 nchi hiyo ilikuwa inaongoza duniani kwa zao hilo. Leo linalimwa pia nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Rwanda na Kivu. Maua yake yakikaushwa na kukamuliwa hutoa sumu ziitwazo pairethrini, zinazovuruga mishipa ya fahamu ya mdudu hadi apooze na kufa. Kwa miaka mingi shampuu na losheni za chawa katika nchi tajiri zimetengenezwa kwa maua haya. Mkulima wa Molo au Mafinga amewatibu watoto wa London na Chicago bila kuwafahamu.

Udhaifu wa pareto ni kwamba jua huiharibu upesi. Kwa hiyo, miaka ya 1970, wanakemia wa Uingereza waliiga umbo la sumu hiyo na kutengeneza permethrini, isiyoharibika haraka. Permethrini ya asilimia 1 ni losheni ya chawa inayojulikana duniani kote. Ukoo huohuo wa dawa ndio uliopakwa kwenye vyandarua tunavyolalia. Na Kasese imeingia katika historia yake: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025, akina mama 400 wa wilaya hii walipewa lesu za kubebea watoto, nusu zikiwa zimelowekwa permethrini na nusu maji tu. Watoto waliobebwa kwa lesu zenye dawa waliugua malaria pungufu kwa karibu theluthi mbili. Kazi hiyo ilihusu mbu, haikuhusu chawa, na wala si ruhusa ya kumfunga mtoto chandarua kichwani. Lakini inaonyesha jinsi wazo lililoanzia kwenye ua linavyoweza kufika mbali likipimwa kwa uangalifu.

Kuna onyo moja. Dawa ikitumiwa sana, wadudu wanaoistahimili ndio wanaobaki na kuongezeka. Katika jaribio lililofanywa Queensland, Australia, na kuchapishwa mwaka 2010, dawa ya pareto iliwasafisha watoto 10 tu kati ya 40. Mchanganyiko wa mafuta ya mti wa chai wa Australia na lavenda uliwasafisha 41 kati ya 42. Mmea mmoja ulishindwa, mingine ikashinda, siku zilezile na kwa watoto wa eneo lilelile. Kwa hiyo swali la “mmea au kemikali?” halitufikishi popote. Ulizia ni dawa gani, ya nguvu kiasi gani, na imejaribiwa kwa nani.

6. “Shampuu ya mwarobaini huua chawa.”

NUSU KWELI. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 lilifanywa Misri kwa watoto 60 waliokuwa na chawa wengi. Walipakwa shampuu yenye dondoo la mbegu za mwarobaini, ikaachwa kichwani kwa dakika kadhaa kabla ya kusuuzwa, na chawa walio wengi walikufa. Hiyo ni dalili njema, ingawa watoto 60 ni wachache kwa kukata shauri.

Angalia maneno mawili: dondoo na mbegu. Viambato vikali vya mwarobaini vimejaa kwenye mbegu. Majani yaliyochemshwa jikoni hutoa maji machungu, lakini uchungu si kipimo cha nguvu. Sufuria ya leo na ya kesho hazilingani, maana idadi ya majani, umri wake na muda wa kuchemsha hubadilika kila siku. Shampuu ya dukani iliyoandikwa “ina mwarobaini” bila kusema ni kiasi gani inaweza kuwa na matone machache tu ya kuipa harufu. Ukitaka kuijaribu, soma kama imetengenezwa kwa ajili ya chawa, iache kichwani muda ulioandikwa, na usitegemee jani kwa sababu tu linasifika kwa kutibu mengi.

Alovera, mchaichai na mululuza ziko chini zaidi kwenye ngazi ya ushahidi. Hatuna sababu ya kuzidharau, lakini kuipenda dawa ya bibi hakuifanyi ilipite chanuo.

7. “Paka mafuta mengi, chawa watakosa hewa wafe.”

NUSU KWELI. Wazo lenyewe ni zuri: badala ya kumpa mdudu sumu, unaziba matundu anayopumulia na kutolea maji mwilini. Dawa ya kisasa ya dimetikoni, ambayo ni mafuta mepesi ya silikoni, hufanya hivyo, na ni vigumu kwa chawa kuizoea kwa sababu haishambulii mishipa yao ya fahamu. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya ziada ya kuifahamu. Mafuta ya aina hiyo, yaliyotengenezwa kwa ajili ya chawa, yalijaribiwa vijijini Kenya dhidi ya funza wa miguuni na kuwaua wengi zaidi kuliko maji ya zambarau ya pamanganeti. Mchanganyiko wa mafuta ya mbegu za mwarobaini na ya nazi nao ulijaribiwa pwani ya Kenya kwa funza haohao, ukasaidia kupunguza uvimbe na maumivu.

Kwa chawa wenyewe, dawa ya kupuliza yenye viambato vya nazi na mbegu za anisi ilishindanishwa Uingereza na losheni ya permethrini, kila moja ikipewa watu 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha waliopona kwa nazi na anisi ni 41, na kwa permethrini 21.

Mbona basi ni nusu kweli? Kwa sababu mafuta ya jikoni si dawa hiyo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima maabara vitu vya nyumbani: siki, mafuta ya zeituni, siagi iliyoyeyushwa, vaselini na vinginevyo. Vaselini peke yake ndiyo iliyoua chawa wengi, na hata hiyo haikuyamaliza mayai. Siki, inayosifiwa kuyeyusha gundi ya mayai, haikufaa. Hata hivyo mafuta ya kawaida yana kazi moja ya maana sana: hulainisha nywele ngumu ili chanuo lipite bila mtoto kulia, na humfanya chawa ashindwe kukimbia. Hapo mafuta ya nazi, alizeti au pamba yanastahili fedha yake.

8. “Dawa ya mimea haina madhara.”

SI KWELI, na hili ndilo kosa linalotutia hofu kuliko yote. Tumbaku ni mmea. Maji yake yana nikotini inayopenya ngozi ya kichwa, hasa iliyochubuliwa kwa kukuna, na mtoto huanza kutapika, kutoa jasho na kizunguzungu. Utupa ni mmea, uleule unaotumiwa na baadhi ya watu kulevya samaki na kuua kupe wa mifugo. Una rotenoni, na haufai kichwani mwa mtoto. Mafuta makali ya mkaratusi na kafuri yakimezwa na mtoto, hata kwa kiasi kidogo, yanaweza kumletea degedege. Mafuta ya mwarobaini yaliyonyweshwa watoto wachanga huko Malaysia na India yameleta degedege na kupoteza fahamu.

Kwa hiyo kanuni ni hizi. Usipake dawa yoyote ya chawa kwa mtoto aliye chini ya miezi 2. Kwake tumia chanuo na vidole. Usipake mafuta makali bila kuyazimua kwa mafuta ya kawaida. Jaribu kwanza tone moja ndani ya mkono na usubiri siku moja. Usipake penye vidonda, na zuia macho kwa kitambaa. Kamwe usimnyweshe mtoto dawa ya kupaka.

Uganda ina Sheria ya Tiba Asilia na Tiba Mbadala ya mwaka 2019, na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, husajili dawa za mitishamba. Muulize muuzaji akuonyeshe usajili, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mganga au mfanyabiashara anayeiheshimu kazi yake hatakasirika kwa swali hilo.

9. “Ukikosa dawa, mafuta ya taa au dawa ya pamba yatafaa.”

SI KWELI. HATARI. Mafuta ya taa huunguza ngozi, mvuke wake huumiza mapafu, na mtoto aliyepakwa akikaribia jiko la mkaa au taa ya tadooba anaweza kushika moto.

Dawa za shambani ni mbaya zaidi. Kasese ni wilaya ya pamba, kahawa na mifugo, na chupa za kunyunyizia mazao au kuogeshea ng'ombe zimo majumbani mwetu, mara nyingine zikiwa zimehamishiwa kwenye chupa za soda. Nyingi zina sumu zinazopenya ngozi ya kichwa upesi. Dalili zake ni mate na jasho jingi, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kutapika, misuli kutetemeka na pumzi kukatika. Ukiziona, mvue mtoto nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni huku ukivaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kisha mkimbize hospitali: Bwera, Kagando, au kituo cha afya kilicho karibu ili apewe huduma ya kwanza na rufaa. Beba chupa yenyewe. Daktari akijua ni sumu gani, huchagua dawa sahihi bila kupoteza muda. Chawa hawajawahi kuwa dharura ya kuhatarisha uhai wa mtoto.

10. “Ukiosha mara moja, kazi imekwisha.”

SI KWELI. Shampuu nyingi huua chawa wanaotembea na kuyaacha mayai. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: yai lililotagwa asubuhi ya tiba litaanguliwa siku ya 7 hadi ya 10. Ukirudia kati ya siku ya 7 na ya 9, unawakuta makinda karibu wote wakiwa nje ya mayai na kabla hawajaanza kutaga. Ukirudia siku ya 3, mayai mengi bado hayajaanguliwa. Ukingoja wiki tatu, kizazi kipya kimekwisha kutaga.

Shampuu ina udhaifu mwingine: huchanganywa na maji na kusuuzwa upesi. Losheni au mafuta yanayokaa kichwani hufanya kazi vizuri zaidi. Hapo ndipo wengi hushindwa, wakidhani mmea wenyewe haufai, kumbe waliusuuza baada ya dakika mbili.

11. “Vidonge vya usubi huua chawa.”

KWELI, LAKINI. Wakazi wa bonde la mto Nyamugasani wanakijua kidonge cha ivermekitini, kilichogawiwa kijiji kwa kijiji kuzuia upofu wa usubi. Chawa akinyonya damu yenye dawa hiyo hupooza na kufa. Mayai hayaguswi, hivyo dozi hurudiwa baada ya siku kadhaa. Nchi nyingine huitumia pale losheni zinaposhindwa. Haipewi mtoto aliye chini ya kilo 15 wala mwanamke mjamzito, na si ya kununua na kujipimia nyumbani. Iache mikononi mwa mhudumu wa afya.

12. “Lazima mtoto anyolewe, nguo zichomwe na asitie mguu shuleni.”

SI KWELI. Kunyoa hufaulu, na kwa mvulana anayekubali ni njia rahisi isiyo na gharama ya dawa. Lakini msichana anayelia kwa kunyolewa kipara mbele ya wenzake ana haki ya njia nyingine, nayo ipo. Nguo hazihitaji moto wa kuchoma. Mashuka, vitambaa na kofia alivyotumia siku mbili zilizopita vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa kwenye jua kali, au vifungwe kwenye mfuko kwa wiki mbili. Nyumba haihitaji kupuliziwa dawa. Mbwa, mbuzi na kuku hawana hatia, kwani chawa wa binadamu hawaishi kwao.

Na shule? Mtoto aliyeonekana na chawa leo amekuwa nao kwa wiki kadhaa. Kumrudisha nyumbani saa nne asubuhi hakuokoi mtu, ila kunamkosesha masomo na kumpa jina la utani. Mwalimu amwite mzazi kwa staha, tiba ianze jioni hiyo, na kesho yake mtoto aketi darasani.

Basi tufanye nini?

Chukua chanuo la meno yaliyobanana, mafuta ya kupikia au ya nazi, na kitambaa cheupe. Fumua misuko yote. Kagua kila mtu wa nyumba hiyo siku moja, baba na bibi wakiwemo, maana mmoja akisahauliwa atawarudishia wote. Ukiwa na dawa iliyosajiliwa ya chawa, ya mimea au ya kiwandani, ipake kuanzia kwenye ngozi hadi ncha na uiache muda ulioandikwa. Kisha paka mafuta, gawa nywele mafungu madogo, pitisha chanuo na kulipangusa kila mara. Rudia dawa siku ya 7 hadi ya 9.

Kama huna dawa kabisa, chanuo peke yake linaweza kutosha, mradi ulitumie kila siku ya tatu au ya nne kwa wiki mbili, hadi upite mara tatu mfululizo bila kumkuta chawa. Katika jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 2005, njia hii ya chanuo na nywele mbichi iliwaponya watoto 57 kati ya kila 100, huku dawa za dukani za wakati huo zikiponya 13. Jaribio jingine la huko, la mwaka 2000, lilikuwa limeipa losheni ushindi. Tofauti hutokana na chawa wa mahali hapo wamezoea dawa gani, na mikono ya mchanaji ina uvumilivu kiasi gani.

Dawa ikishindwa mara mbili ingawa imetumiwa ipasavyo, usiongeze kipimo. Badilisha aina, au mwone mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, akuelekeze kituoni Bugoye au kwingine. Usaha, homa au tezi za shingo zilizovimba ni sababu za kwenda mapema.

Tunaitetea mimea yetu kwa moyo wote, kwa sababu pareto imetuonyesha kile ambacho udongo wa Afrika Mashariki unaweza kuipa dunia. Kuiheshimu ni kudai ipimwe, iandikwe kiasi chake na itumiwe kwa kipimo. Anayeuza maji ya majani kwa bei ya dawa anauharibia sifa mmea, na anamwibia mama aliyemwamini. Mzazi anayejua siku ya kurudia tiba, anayeshika chanuo kwa subira na kumwambia jirani bila aibu, tayari ana sehemu kubwa ya dawa mikononi mwake.